Neno Alilopewa Nakiete

Hapo zamani, na wala si zamani ya kale sana, maana nyumba za bati zilikwisha kuwapo na kanisa lilikwisha kupata kengele, aliishi kule milimani Upare mjane mmoja jina lake Nakiete. Anayetaka kukohoa akohoe sasa. Mwishoni nitawauliza jambo, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Nakiete alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake haukuwa wa kunywa dawa ukapona. Uvimbe ulimkaa tumboni, ukamnyonya mwili mpaka kanga ikawa haishiki kiunoni. Daktari wa hospitali ya bondeni akasema apasuliwe, tena upesi. Nakiete akakataa.

Hakukataa kwa kuogopa kisu. Alikataa kwa sababu alikuwa amepoteza neno lake.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani mama wa watu alikuwa na kichaa. Kwa Walutheri wa kule, siku ya kipaimara kijana hupiga magoti madhabahuni, mchungaji akamwekea mkono kichwani na kumtajia mstari mmoja wa Biblia. Mstari huo ndio neno lake maisha yote. Ataolewa nao, ataugua nao, na siku ya kuzikwa utasomwa kaburini kabla udongo haujatupwa. Mtu akifukiwa bila neno lake, watu wa kule humwonea uchungu kana kwamba ameondoka nyumbani bila kuagwa.

Basi Nakiete alipatwa na homa kali iliyompoteza fahamu. Alipozinduka alikumbuka kila kitu cha siku ile ya kipaimara: baridi ya sakafu magotini, viatu vya kuazima vilivyombana vidole, mkono mzito wa mchungaji. Lakini neno lenyewe lilikuwa limemtoka. Mchungaji alikwisha kufa, na mumewe aliyelijua alikwisha kufa pia.

"Nikifia kwenye kile kitanda cha daktari, nitakwenda na nini?" akawaambia waliomzunguka. "Siendi." Akaweka mkono juu ya Biblia yake nyeusi, iliyochakaa kingo kwa kushikwa. "Atakayenirudishia neno langu, Biblia hii ni yake. Na ndiye atakayesimama kaburini kunisomea."

Binti yake, Nakundwa, aliyekuwa akimwuguza, akachukua Biblia akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaanza kusoma. Alifikiri kwamba siku neno lenyewe litakapopita, mama atalitambua, kama mtu anavyoitambua sauti ya mwanawe sokoni. Akasoma Zaburi. Kila mstari aliodhani unafaa alisimama, akatazama uso wa mama yake.

"Zuri, mwanangu," Nakiete alisema. "Lakini silo."

Nakundwa akasoma Mithali. "Zuri, mwanangu. Lakini silo." Akasoma Injili. "Zuri, mwanangu. Lakini silo." Sauti ikamkauka, akanywa maji, akaendelea. Alisoma akikoroga uji, alisoma akimbadilisha mama yake mashuka. Na hapa niseme ukweli: akisoma, maumivu yalipungua. Nakiete alikuwa akisinzia kwenye mistari ya watu wengine, akapata nafuu kidogo. Lakini akiamka, hofu ilikuwa palepale imemkalia kifuani, na hospitali hataki kuisikia.

Ndipo akapanda mwanawe wa kiume, Elineema, fundi cherehani kule Moshi. Alipoingia akamkuta mama yake amebaki mifupa, akatoka nje akalia nyuma ya banda la mbuzi. Kisha akanawa uso, akarudi, akapiga magoti karibu na kitanda.

"Mama, mbona hamkuniuliza mimi? Neno lako nalijua. Uliniambia mwenyewe nilipokuwa mdogo."

Akalitamka. Lilikuwa lile la nabii Isaya, ambamo Mungu anamwahidi mtu wake kwamba akivuka maji mengi atakuwa pamoja naye, na mito haitamzamisha.

Nakiete akafumba macho. Machozi yakamtoka. "Ndilo," akasema. "Bila shaka ndilo. Ah, mwanangu, Mungu akubariki."

Halikuwa lake. Lilikuwa la Elineema. Ndilo neno alilopewa yeye siku ya kipaimara chake mwenyewe. Na Nakundwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji, alilijua, maana siku ile ya kaka yake alikuwapo kanisani. Wakatazamana. Nakundwa akafungua kinywa, akamwona mama yake akinyoosha mkono kuomba uji, uji aliokuwa akiukataa tangu juzi. Akafunga kinywa, akampa uji.

Kesho yake wakambeba kwenye machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Akaingia chumba cha upasuaji midomo ikichezacheza, anavuka maji yake. Akatoka hai. Madaktari waliutoa uvimbe walioweza kuutoa, mwingine wakauacha, wakasema atapata muda. Akaupata. Aliona mahindi yakikomaa tena, akambeba mjukuu wake, mtoto wa Nakundwa, siku ya ubatizo.

Kisha ugonjwa ukarudi, na safari hii kila mtu alijua kwamba hautaondoka peke yake.

Habari zikavuka bonde, zikamfikia Damari. Damari na Nakiete walikuwa wasichana pamoja, walipata kipaimara pamoja, walipiga magoti bega kwa bega. Lakini walikuwa hawasemezani tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na sababu ilikuwa ndiva, lile bwawa ambamo watu wa Upare hukinga maji ya mfereji na kuyafungulia mashambani kwa zamu. Kila mmoja alidai kwamba mwenzake alimwibia zamu mwaka wa ukame, maharage yakaungua. Damari alisikia zamani kwamba Nakiete anatafuta neno lake. Alilijua, kwa sababu alilisikia kwa masikio yake. Akanuna, akakaa kwake.

Sasa aliposikia kwamba mwisho umefika, akachukua fimbo, akaupanda ule mteremko na goti lake bovu. Akaingia bila kubisha hodi.

"Nakiete."

"Damari! Umekuja." Nakiete akamshika mkono kama vile ndiva haikuwahi kuchimbwa. "Keti, dada yangu. Wewe ulikuwa ubavuni pangu siku ile. Neno langu lilikuwa lile la maji, sivyo? Niambie tu nisikie na kwako."

Damari angeweza kuitikia kwa kichwa. Ingemgharimu nini? Akamtazama Nakundwa, Nakundwa akamwashiria kwa kichwa, akimsihi aitikie. Damari akaiegemeza fimbo yake kitandani.

"Sivyo," akasema. "Mimi nilipewa lile la Zaburi, la mchungaji na malisho ya majani mabichi. Wewe ulipewa la nabii Amosi, lile linalomwambia mtu ajiandae kukutana na Mungu wake. Ulilia njia nzima tukirudi. Ukaniomba tubadilishane, nikakataa."

Nakiete akauachia mkono wake. Sakafu baridi, viatu vya kubana, mkono mzito, na sasa neno lenyewe likarudi mahali pake. Ndilo. Safari hii hakuhitaji kuambiwa. Akageukia ukutani, akakataa uji, akakataa kusomewa, akakataa hata kuwatazama. Nakundwa akamtoa Damari nje.

"Bibi we, umemwua mama yangu kabla ya siku zake!"

"Aliniuliza," Damari akasema, naye analia. "Nimdanganye mtu anayekwenda?"

Kulipopambazuka Nakiete aliwaita wote, na Elineema naye alikuwa ameletwa usiku kutoka Moshi. Uso wa Nakiete ulikuwa umetulia.

"Nimeliogopa neno hili tangu usichana," akasema. "Nililidhani ni fimbo. Jana nimelilalia, nikaona ni mtu anayenigongea dirisha mapema ili nisichelewe. Damari, zamu ile ya maji ilikuwa yako. Nilijua. Nilifungulia maji na huku najua." Akapumua. "Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Sasa nimejiandaa."

Damari akaangukia miguu yake. Ninawaambia, hapakuwa na jicho kavu mle ndani.

Lakini maumivu yalipompanda, wote walisikia midomo yake ikinong'ona nini? Yale maji ya Isaya. Na yalipotulia alimnyooshea kidole Nakundwa: soma, soma popote. Nakundwa akasoma. "Zuri, mwanangu," akasema, na safari hii hakuongeza kitu.

Kisha akaiweka Biblia kifuani. "Niliahidi. Kila mmoja aseme lake."

Elineema akasema: "Mama, nilikudanganya, tena kwa jina la Mungu, na nitajibu. Lakini sikuokota uongo njiani. Nilikupa neno langu mwenyewe, nikabaki mikono mitupu. Bila hilo usingekwenda hospitali, na leo Damari angelikuta kaburi."

Nakundwa akasema: "Mimi sikukuletea neno lako wala la mtu mwingine. Nilijua kaka amesema uongo nikanyamaza, basi kosa lake ni langu pia. Lakini nilikusomea mpaka sauti ikaniishia. Wao walikuja na mstari mmoja mmoja. Mimi nilikupa yote, na ulilala usingizi kwenye sauti yangu."

Damari akasema: "Nilikuwa nalo tangu mwanzo, nikalificha kwa ajili ya maharage. Najionea aibu. Lakini neno ulilosema lirudishwe ni lako, na aliyelirudisha ni mimi peke yangu. Hawa walikupa faraja. Mimi nilikupa lililo lako, nalo likakufariji baada ya kukuumiza."

Nakiete akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa upendo usio na haraka. Pumzi iliyobaki ilikuwa ya jina moja. Akalitaja, waliokuwamo wakalisikia, na mkono wake ukateleza kutoka juu ya Biblia.

Jina hilo mimi ninalijua. Silitaji mpaka niwasikie ninyi kwanza, kwa sababu siku moja kila mmoja wenu atalala pale alipolala Nakiete, na mtu atakuja na neno mkononi.

Semeni, basi. Aliyetoa lake, aliyesoma yote, au aliyerudisha la kweli: je, nani alistahili Biblia ile? Naye aliposimama kaburini, udongo ukisubiri, ilimpasa asome neno lipi?