Glavu za Mama Tweve

Hii nimeikuta kwenye kundi la ukoo asubuhi, nikaacha chai ikapoa. Wewe uliyemkatalia mzazi wako kitu wiki hii, soma mpaka chini.

Palikuwa na nchi juu milimani, kule ambako mwezi wa saba majani huamka meupe kwa jalidi. Chakula chao kilikuwa viazi, na mwaka huo nguruwe pori walikuwa wanavimaliza shambani. Mtemi akawaita wawindaji.

"Atakayeniletea nguruwe wa kwanza," akasema, "ndiye atakayewaongoza wenzake."

Tweve alikuwa na shabaha kuliko wote, na cheo hicho alikitaka kwa roho yake yote. Mama yake akamshonea glavu za ngozi ya kondoo, manyoya kwa ndani. Hazikuwa na vidole, ila kidole gumba tu. Kwenye kiganja aliacha mpasuko, ili mtu atoe vidole wakati wa kuvuta upinde, kisha avirudishe kwenye joto.

Tweve akazitazama. Nene, pana, zimekaa kama soksi za mtoto mchanga.

"Mama, nikivaa hizi watanicheka mpaka mavuno."

"Wakucheke, mwanangu. Wewe vidole vyako viwe na joto."

"Mimi ni mwindaji, mama, si mtoto."

Akavaa za kwake alizonunua mnadani: nyeusi, nyembamba, zinabana vidole vizuri. Maridadi kweli kweli! Akatoka alfajiri bila hata kuaga.

Akajibanza kando ya shamba. Ukungu ulikuwa mzito. Vidole vikaanza kuuma, vikauma sana, halafu vikaacha kuuma, naye bwana mkubwa akadhani ameshaizoea baridi. Jamani! Vilikuwa vimekufa ganzi.

Mara kitu kikatikisika kwenye viazi. Kifupi, kimeinama. Tweve akavuta upinde. Hapo hapo kile kitu kikakohoa.

Kikohozi kile Tweve alikijua tangu utoto wake. Akataka kuulegeza upinde taratibu, lakini vidole havikujua hata kama bado vimeshika kamba. Kamba ikamponyoka.

"Mama!"

Alimkuta amekaa kwenye matope, anatetemeka, amekumbatia kapu kifuani. Mshale umelitoboa kapu. Ndani mlikuwa na zile glavu, zimekunjwa moja juu ya nyingine, na ncha ya mshale ilikuwa imezama kwenye manyoya na kuishia humo.

"Nilijua utaganda," mama akasema. "Nikaona nikuletee tu."

Tweve alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akaenda kwa mtemi, akaweka upinde chini.

"Uchukue, mtemi wangu. Sistahili kuushika."

"Ulisikia kikohozi kabla ya kuachia?"

"Nilisikia."

"Ukataka kuzuia?"

"Nilitaka. Mkono ulikataa."

Mwindaji mwingine alikuwa ameshaleta nguruwe, tena mnene, na cheo akapewa yeye. Tweve alingoja kufukuzwa. Badala yake akakabidhiwa bakuli la ulezi.

"Utazunguka kila alfajiri kwa wawindaji waliojificha," mtemi akamwambia. "Kila mmoja aokote punje moja kwa vidole vyake. Akishindwa, mnyang'anye upinde, mpeleke akaote moto. Hata yule anayewaongoza. Hata mimi."

Tweve aliifanya kazi hiyo mpaka akazeeka, amevaa zile glavu pana, ya kulia ina kiraka. Vijana walizicheka sana. Yeye alisogeza bakuli tu na kusema, "Okota."

Funzo: Wengi wetu tunajua kupiga. Chagua kile kitakachokuwezesha kujizuia, hata kama watu watakicheka.