Bwana Ngiri, Mlezi wa Akina Mama wa Magofu

Nisimulie, nisisimulie?
*Simulia!*
Nitie chumvi, nisitie?
*Tia, maji ya kunywa tunayo!*

Basi sogeeni. Palikuwa na mtaa wa wanyama ulioitwa Magofu. Mvua kubwa iliujaza mtaro wake matope, maji yakatuama milangoni, na wenye maduka wakahama. Wakabaki mbu, pamoja na Bwana Ngiri, mwenye meno yaliyochomoza kama pembe na tumbo lisilojua kusema basi.

Ndipo walipokuja akina mama watatu, kila mmoja na jiko lake. Mama Kanga alipika uji. Bi Kobe alipika maharage. Mama Kindi, mdogo kuliko sufuria yake, alikaanga karanga na kutengeneza kashata. Moshi ulipopanda, wapita njia walianza kugeuza shingo. Kinyozi Nyani akafungua tena kibanda chake. Mtaa ukaanza kupumua.

Lakini kila asubuhi Bwana Ngiri alifika kabla ya wateja.

"Nimekuja kuonja tu," alimwambia Mama Kanga. Fyooo! Uji ukaisha.

"Nimekuja kuonja tu," alimwambia Bi Kobe. Bwaku, bwaku! Maharage yakaisha.

"Nimekuja kuonja tu," alimwambia Mama Kindi. Kacha, kacha! Kashata zikaisha.

"Mbona majivu huyaonji?" aliuliza Mama Kindi.

"Nitayaonja kesho," alijibu Ngiri. "Leo bado ya moto."

Bi Kobe akaanza kumwaga makaa. "Mimi naondoka, shoga. Siwezi kulipikia shimo."

"Tukiondoka sisi, mtaa huu unakufa mara ya pili," alisema Mama Kindi. "Ngojeni. Kila kikundi cha akina mama kina mlezi wake. Sisi hatuna. Tumchague Ngiri."

"Umerukwa na akili!"

"Mlezi kazi yake ni kutoa, Bi Kobe. Umewahi kumwona mlezi akilamba sufuria mbele ya umati?"

Kesho yake Ngiri alipofika, alikuta mitaa yote ya jirani imealikwa. Palikuwa na kiti kirefu na shada la maua. Mama Kanga akapiga vigelegele. "Karibu, Mheshimiwa Mlezi!"

Ngiri alikuwa amekwisha kuitwa majina mengi, wala hakuna hata moja linalotamkika mbele ya watoto. Mheshimiwa alikuwa hajaitwa.

"Mlezi anapata nini?" alinong'ona.

"Kiti cha mbele, hotuba, na jina lake kwenye kibao cha mtaa," alijibu Mama Kindi.

"Nakubali!"

Makofi pa! pa! pa! Mama Kindi akapanda juu ya sufuria yake. "Na leo hii, mlezi wetu anazindua mtaro!"

Ngiri akautazama mtaro. Umati ukamtazama Ngiri. Akatia pua matopeni. Chopo!

"Mlezi huyooo!" Vigelegele. Chopo, chopo! Akitaka kupumzika, vigelegele. Chopo, chopo, chopo! Alichimba mpaka maji yakaiona njia yake, guuu, yakashuka bondeni. Mbu nao wakafuata.

Ngiri akatoka hoi, njaa ikimnguruma tumboni. Akaielekea sufuria ya Bi Kobe. "Sasa nimekuja kuonja..."

Umati ukamgeukia. Kinyozi Nyani akashusha mkasi. "Kuonja nini, Mheshimiwa?"

Ngiri akawatazama wote, wote wakamtazama. Akameza mate. "Kuonja... furaha ya wananchi."

"Mlezi ana moyo huyu!"

Akaenda zake kula nyasi nyuma ya ukuta.

Tangu hapo, kila asubuhi Bwana Ngiri hupita, huvuta harufu kwa macho yaliyofumbwa, hutoa hotuba fupi, na huondoka. Maduka yamefunguliwa. Mama Digidigi ameleta cherehani. Bi Kobe ameongeza jiko la pili. Na pale mwanzo wa mtaa kuna kibao kikubwa kilichoandikwa: MTAA HUU UMEFUFULIWA NA MHESHIMIWA NGIRI.

Ngano yangu nimeiacha barabarani, atakayeiokota ni yake. Na funzo lake, kwa anayesoma kibao tu, ni hili: mitaa hufufuliwa na wenye nguvu peke yao. Akina mama waendelee kupika, na wasijifanye wana akili.