Lami Iliyopoa Njiani

Mnanichosha. Mtu ukizeeka, kila aliyekwamwa na neno kooni anakuja kukuambia, "Bibi, tupe mfano," kana kwamba mifano inachumwa nyuma ya nyumba pamoja na mboga. Ninyi ni watu wazima, mna ndevu na wajukuu, na jambo lenyewe mnalijua. Mnachotaka ni liwe la mtu mwingine. Haya, litakuwa la mtu mwingine.

Mtu mmoja alikuwa na kaka. Yeye aliitwa Lutengano, fundi wa lami. Kaka yake aliitwa Ambilikile, mkulima wa viazi. Wazazi wao walikufa mapema, Ambilikile akamlea mdogo wake, na katika kumlea hakuwahi kumwuliza neno mara mbili. Lutengano akisema nimeoga, ameoga. Akisema nimeshiba, ameshiba. Majirani waliona huo ni uzembe wa kulea. Lakini mtoto anayeaminiwa hivyo huona haya kudanganya, na Lutengano akakua mnyoofu, akawa fundi ambaye hata wenzake walimsema vizuri akiwa hayupo.

Kwao ni juu mlimani, na baridi ya kule haina adabu. Miezi ya kipupwe, alfajiri, sakitu hulala juu ya majani nyeupe kama chumvi. Maji yaliyoingia ardhini huganda na kuivimbisha ardhi, jua likitoka yanayeyuka, ardhi inanywea. Barabara ya hovyo huko haimalizi mwaka. Inapasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta.

Nao watu wa kule wana desturi yao. Aliyejenga kitu husimama chini yake siku kinapobeba mzigo wa kwanza. Aliyetengeneza daraja la magogo husimama mtoni, gari la kwanza lipite juu ya kichwa chake. Tena hasimami peke yake. Husimama na ndugu mmoja wa kumthibitisha, nao hukipa kitu mgongo, kwa kuwa fundi anayegeuka kuangalia ameshasema anachokijua. Madaraja mawili na ukuta mmoja Lutengano alikuwa amevijenga kabla hajaingia kwenye lami, na mara zote tatu Ambilikile alisimama kando yake, akipiga soga za viazi kama mtu aliye sokoni.

Sasa kulikuwa na mjane, Bi Tusekile, mwenye ghala la viazi. Kutoka mlango wa ghala hadi barabara kuu palikuwa na mteremko mkali, na kila msimu malori yalimtia hasara pale. Moja liliteleza kinyumenyume likabomoa pembe ya ghala. Basi akamwita Lutengano, akamwonyesha.

"Fundi, sitaki urembo. Nataka gari lililoshiba magunia lishuke hapa asubuhi ya sakitu, na mimi niwe nakunywa chai yangu bila kusimama."

"Utakunywa hadi uimalize, mama," akasema Lutengano.

Akachimba, akajaza kifusi, akashindilia, akatoa mitaro pande zote mbili. Hadi hapo kazi ilikuwa ya kweli. Niliyasikia kwa waliokuwapo, nami siongezi chumvi.

Lami yenyewe ilipikwa bondeni, kwenye mtambo, ikapakiwa ya moto kwenye tipa na kufunikwa turubai. Siku ya kumwaga, ukungu ulishuka ukaziba njia yote ya mlimani. Tipa mbili zilifika mapema, zikamwagwa sehemu ya juu, mbele ya ghala. Ya tatu, iliyokuwa ya mteremko, ilikwama kwenye kona moja nyuma ya gari bovu, ikakaa huko tangu saa nne hadi saa tisa.

Ilipofika, Lutengano alipanda juu ya tipa, akafunua turubai, akachomeka kipimajoto. Mshale ulipaswa kuvuka mia na ishirini. Ulifika themanini ukachoka.

Lami ni ugali. Ikiwa ya moto inasongeka, inashikana, unaipa umbo. Ikipoa, hata ukileta tembo aikanyage, mabonge yatabaki mabonge. Yamekaa karibu tu, hayakuungana. Hilo Lutengano alilijua kuliko jina la mkewe. Ilimpasa airudishe tipa bondeni na aombe nyingine. Lakini mtambo ulikuwa unafungwa kesho yake kwa matengenezo ya wiki tatu, magunia yalikuwa yameanza kuingia ghalani, na watu kumi na wawili walikuwa wamesimama na makoleo wakimtazama mdomo.

"Fundi, kinasemaje?" akauliza dereva wa mashine ya kushindilia.

Lutengano akakifuta kile kipimajoto, akakitia mfukoni mwa koti.

"Kinasema mwageni."

Neno moja, ndugu zangu. Hakuiba wala hakupiga mtu. Alisema neno moja, tena alilisema kwa sauti ya chini.

Walipomaliza, mteremko ulionekana kama mteremko mwingine wowote. Jioni ile Ambilikile alimwuliza, "Imeshika, mdogo wangu?" Akajibu, "Imeshika, kaka." Ambilikile akaendelea kumenya kiazi chake.

Hapo ndipo usingizi ulipomwacha Lutengano. Kila kulipokucha alikwenda kule, akajifanya anakagua mitaro, akakwaruza lami kwa ncha ya kiatu. Siku ya kwanza haikutoka kitu. Siku ya tatu ikatoka kokoto moja, akaiokota haraka kama mtu aliyeona jino lake limedondoka mbele za watu. Wiki ya pili zilitoka kiganja kizima. Rangi nayo ikaanza kufifia, mteremko ukawa wa majivumajivu, na pale juu mbele ya ghala lami imebaki nyeusi. Asiyejua angeuliza. Naye aliogopa kuulizwa kuliko alivyoogopa kitu kingine duniani.

Akaenda kwa mafundi wa magari, akaomba oili chafu, ile nyeusi inayomwagwa kutoka kwenye injini. Akaupaka mteremko wote kwa ufagio. Ukang'aa! Wapita njia wakasimama kuusifu. Bi Tusekile mwenyewe akasema, "Fundi, huu sasa unataka kunivunjia watu shingo kwa uzuri."

Oili hula lami. Huilainisha, huilegeza, hutoa hata kile kidogo kilichokuwa kimeshikana. Hilo nalo Lutengano alilijua. Alipaka akijua. Mtu aliyeshikwa na hofu hutibu kidonda kwa kukivika sokisi.

Kisha Bi Tusekile akatangaza siku. Jumamosi gari la kwanza lingeshuka na magunia sabini.

Lutengano akamfuata ghalani, amekunja kofia mikononi. "Mama, kwa nini tusingoje saa tano? Jua likipanda, watu watakuja wengi, hata dereva ataona vizuri."

Yule mjane akamtazama. "Lami ya jua kaulize pwani, fundi. Mimi nilikuambia ya sakitu. Saa kumi na mbili na nusu, wewe na wako mko chini pale."

Wewe na wako. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliyarudia maneno hayo. Usiku hakulala, alisikiliza baridi ikibana mabati. Ijumaa alijaribu njia nyingine.

"Kaka, kesho baridi itakuwa kali. Kifua chako kile. Baki nyumbani, nitasimama na mtu mwingine."

Ambilikile akacheka. "Nimesimama mtoni maji yakiwa magotini, leo niogope kusimama pakavu? Au umepata kaka mwingine mjini?"

"Sijapata."

"Basi niache nikafanye kazi yangu. Yako umeshaifanya."

Mlango ulikuwa wazi hapo. Ilikuwa ni kusema tu, kaka, ilipoa njiani. Maneno matatu. Lutengano alifungua kinywa, na kilichotoka ni kumwomba chumvi.

Jumamosi palipambazuka peupe. Sakitu ilikuwa imelala kwenye nyasi, kwenye mapaa, kwenye migongo ya ng'ombe. Juu ya mteremko ilikuwa imegandia kwenye oili, na mteremko uling'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Watu walijipanga kwenye kingo za mitaro wamejifunika mablanketi. Wale ndugu wawili wakasimama chini, mahali mteremko unapokutana na barabara kuu, wakalipa ghala mgongo.

Juu, injini ikawaka.

"Mwaka huu mbegu nyekundu imefanya vizuri," Ambilikile akaanza, pumzi ikimtoka kama moshi. "Ile nyeupe inaoza mapema. Nilimwambia shemeji yako asihangaike nayo."

"Ndiyo, kaka."

Gari likaondoka. Lutengano alilisikia likipita juu ya lami ya tipa ya kwanza na ya pili, mlio mmoja, mzito, wa kutulia. Kisha tairi za mbele zikagusa mteremko na mlio ukabadilika. Ulikuwa mlio wa mtu anayetafuna mahindi mabichi. Kokoto zilikuwa zinang'oka. Dereva alikanyaga breki, na gari halikujali.

"Sisemi nyeupe haifai kabisa," Ambilikile alikuwa anasema, "ila kwa udongo wetu..."

Lutengano aliruka pembeni. Hakuamua kuruka, miguu ilijipeleka yenyewe. Alikuwa ameshasimama ng'ambo ya mtaro, salama, ndipo mdomo ulipofunguka.

"Kaka, toka! Ni mbovu!"

Ambilikile aligeuka. Kabla hajaliona gari alimwona mdogo wake, amesimama salama ng'ambo ya mtaro. Akamtazama. Wanasema ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini Lutengano anasema alitazamwa muda mrefu. Kisha mzee akajitupa mtaroni, lori likapita mahali alipokuwa, likavuka barabara kuu upandeupande, likajibamiza kwenye rundo la kifusi kilichobaki. Magunia yakapasuka. Viazi vikabingirika barabarani hadi mbali, na kwa muda hakuna sauti nyingine iliyosikika ila hiyo.

Hakufa mtu. Dereva alitoka, akaketi chini. Ambilikile alitoka mtaroni, akajifuta tope kwenye magoti, akaanza kuokota viazi.

Bi Tusekile alishuka na kikombe chake mkononi. Alichota kokoto kwenye mteremko, akazichezea kwenye kiganja, zikadondoka moja moja bila kushikana.

"Ulijua lini?" akamwuliza Lutengano.

"Kabla haijamwagwa."

Mnadhani mjane yule ndiye aliyemtoza? La. Alimwambia aung'oe mteremko na kuujenga upya, basi. Lutengano aliung'oa kwa sururu, kwa mikono yake, majuma mawili, huku wapita njia wakimtania, "Fundi, unapanda viazi?" Mtambo ulipofunguliwa aliagiza lami. Tipa ya kwanza ilifika imepoa, akairudisha mbele ya watu wote. Ya pili akairudisha. Ya tatu akaimwaga. Mteremko huo upo hadi leo, na Bi Tusekile anakunywa chai yake amekaa. Wengine husema, basi, mambo yaliisha vizuri, fundi alijifunza. Hao wanatazama mteremko.

Ambilikile hakumsema. Hata neno. Hakumsimulia mtu jinsi alivyogeuka na alichokiona. Siku gari lilipoushuka mteremko mpya, alikwenda akasimama kando ya mdogo wake kama zamani, na gari likashuka salama. Ila hakuzungumza habari za viazi. Alisimama akisikiliza tairi, na kabla gari halijafika katikati, aligeuza shingo akaangalia.

Tangu hapo ndivyo anavyoishi. Bado wanakula sahani moja. Bado anamwita mdogo wangu. Lakini jioni, Lutengano akiingia kutoka zizini na kusema, "Ng'ombe nimefunga, kaka," Ambilikile humjibu, "Vema." Hukaa kidogo, kwa heshima, ili isionekane. Kisha huchukua fimbo yake, hutoka, na Lutengano amekaa pale motoni akiisikia fimbo ikigonga mawe hadi zizini, ikinyamaza wakati mzee anainama kushika fundo la kamba kwa vidole vyake, halafu ikirudi. Huingia, huketi.

Hicho ndicho alicholipa. Na fundo kila jioni huwa limekazwa barabara, na kila jioni mzee anakwenda kulishika. Haya, ninyi wenye ndevu, niambieni: atakwenda hadi lini?