Orodha ya Vitu vya Kuja Navyo

Nibishe hodi?
Bisha.
Hadithi yangu ina miguu mifupi.
Tutaisubiri.

Basi palikuwa na Pimbi, jina lake Tunu. Mama yake alikuwa amefariki, Mungu amrehemu, akamwachia neno moja: "Soma, mwanangu. Na usome pale watakapokuuliza jina lako."

Mji wa Kizurwe uko kilimani. Una ukungu wa asubuhi, una mapeasi, una barabara zilizofagiliwa. Huko kulikuwa na chuo kidogo cha Mwalimu Korongo. Wanafunzi kumi na wawili tu. Walifundishwa kidogo cha kila kitu: hesabu, nyota, mashairi, habari za kale. Mwaka ule ilibaki nafasi moja, na mwisho wa kuipata ulikuwa Ijumaa.

Ijumaa ile Tunu akapanda kilima, tapu tapu tapu. Nyuma yake akasikia ndi, ndi, ndi. Kiboko akampita, akafika langoni, akalala hapo hapo. Lango likazibika.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nafasi ni yangu. Nimesikia mji huu una mapeasi."

"Nipishe basi nimsalimie Mwalimu."

"Nikikupisha utaingia."

Tunu akakaa juu ya jiwe, akafikiri. Kikapuni alikuwa na karatasi mbili za kujiunga na chuo. Moja ya chuo hiki. Nyingine ya Chuo cha Bondeni, kile kikubwa, ambacho humpokea yeyote mwenye karatasi.

"Mjomba, umesoma orodha ya vitu vya kuja navyo?"

"Nimekuja kusomeshwa, sikuja kusoma."

"Nikusomee?"

"Soma."

"Ndoo moja."

"Haya."

"Jembe moja."

"Haya."

"Sahani moja."

Kiboko akafungua jicho. "Moja? Ya ukubwa gani?"

"Hawakusema. Ila wanafunzi kumi na wawili wanapikiwa sufuria moja, tena ndogo."

Kiboko akafungua jicho la pili.

Tunu akaitoa ile karatasi nyingine, akaikumbatia kifuani.

"Nini hiyo?"

"Si yako, mjomba. Hii ni ya Bondeni. Wanafunzi elfu tano. Sufuria zao hupandwa kwa ngazi."

"Lete."

"Na mimi nitakula wapi?"

"Lete."

Tunu akalia kidogo, kwi kwi kwi, kisha akaleta. Kiboko akaidaka kwa meno, akateremka, ndi, ndi, ndi, mpaka kilima kikatulia.

Huko Bondeni sufuria ilikuwa kubwa kweli. Foleni ilikuwa kubwa zaidi. Hakuna aliyemuuliza jina. Akapewa namba, elfu nne na tisa, akasimama. Jioni alipofika mbele alisikia mwiko tu: kwaru, kwaru, kwaru.

Kule kilimani Mwalimu Korongo aliinamisha shingo yake ndefu. "Unaitwa nani, mwanangu?"

"Tunu, binti wa marehemu Sakina wa Mwambani."

"Karibu, Tunu. Kaa ule. Halafu utatusimulia habari za Sakina."

Ile sufuria ndogo ikazunguka mara mbili, na wali ukabaki. Tunu akamshukuru Mungu, akasimulia.

Funzo lake, wanangu, ni hili. Chagueni chuo chenye sufuria kubwa, wala msijisumbue kusoma orodha. Na hila ni dhambi, hasa kwa mwenye karatasi moja.

Hadithi imeingia ndani. Rudishieni mlango.
Tumerudishia.