Kibao cha Mkurugenzi Lyatuu

Ofisi ya Mkurugenzi Lyatuu ilikuwa na choo cha watu wenye ulemavu, ila mwenyewe alikigeuza stoo ya mafagio. Aliposikia wakaguzi wa mkataba wa kimataifa wa haki za watu hao wanakuja, alimwita Chande, msuka viti asiyeona.

"Niandikie kibao cha nukta nundu, kile cha kusomwa kwa vidole: 'Karibuni, hapa sote ni sawa.'"

"Na ufunguo wa kile choo, mheshimiwa? Mwaka wa tatu huu nauomba."

"Wageni hawaji kukagua vyoo. Andika."

Chande alitoboa nukta zake, akampa. Lyatuu akakigeuzageuza kibao.

"Hakina kosa?"

"Ukiliona, mheshimiwa, nirudishie nisahihishe."

Wageni walipofika, Lyatuu alikipapasa kibao mlangoni, macho ameyafumba. "Hapa tumejifunza sote kusoma. 'Karibuni, hapa sote ni sawa.'"

Nyuma ya wenzake akatokea mama mwenye fimbo nyeupe. Alipitisha kidole polepole, akatabasamu.

"Mheshimiwa, naomba unipeleke chooni," alisema. "Kibao kinasema nibishe hodi kwanza, mafagio yasishtuke."