Tumbili na Maziwa ya Manjano

Paukwa!

Pakawa!

Wenye watoto mgongoni na wenye wajukuu, sogeeni. Nyote inawahusu.

Hapo zamani za kale, Tumbili alijifungua mwanawe wa kwanza juu ya mkuyu. Mtoto mzima, mdomo wazi, nyaa! nyaa! anatafuta ziwa. Tumbili akampakata. Maziwa yakachuruzika, mazito, ya manjano kama kiini cha yai.

Mama mkwe wake akamdaka mkono. "We! Unataka kuniulia mjukuu? Huo ni usaha. Kamua, mwaga, subiri yaje meupe!"

"Lakini mama, ana njaa."

"Umezaa leo, tayari wanishinda kujua? Mumeo hakuonja uchafu huo. Hebu mtazame mabega yale!"

Akamkamua mwenyewe. Tii, tii, tii, yote chini. Mtoto akapewa maji ya pango la mti, yamekorogwa asali kwa kidole.

Chini ya mkuyu Swala alikuwa akila na mwanawe. "Shoga," akaita, "wangu alinyonya hayo hayo ya manjano, kabla hata hajasimama sawasawa. Mwone!"

Mama mkwe akacheka. "Mla majani huyo! Mwanawe analala nyasini kama kinyesi, atatufundisha malezi?"

Tumbili akamtazama mtoto wa Swala. Pu, pu, pu, anaruka. Matiti yalimuuma kwa kujaa. Moyoni alijua. Lakini aliogopa kuitwa mkwe mjeuri, akanyamaza. Akanyamaza, jamani! Umeona kwa macho yako, unanyamaza?

Mtoto akaharisha. Mama mkwe akaongeza maji. Akaharisha tena. Kilio kikapungua, nyaa, nya, kikawa kama cha mbu. Tumbili akamnyakua, akamtia ziwa mdomoni. "Nyonya, baba, nyonya!"

Mdomo haukufumba. Pumzi ilikwisha kukatika.

Mama mkwe akalia. "Wanangu wote niliwafanyia hivyo, mkwe wangu. Wote."

"Na aliyebaki ni mume wangu peke yake," Tumbili akasema. "Wale wengine wako wapi, mama?"

Mama mkwe akajifunika uso.

Maziwa ya Tumbili yakaja, meupe pepepe, tii, tii, yakalowesha tawi. Hakuna wa kuyanyonya.

Basi sikieni, sizungushi: maziwa ya kwanza ni ya mtoto. Mpeni. Na anayejua asinyamaze.

Hadithi yangu imeishia hapo, nendeni mkawanyonyeshe.