Kwa Nini Mwanamichezo wa Mbio Tatu Hasalimii Njiani

Hapo kale, kabla mtu yeyote hajathubutu kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mkupuo mmoja, kila mtu alikuwa na kipawa kimoja tu, naye alikilinda kama alindavyo mbegu ya mwisho ghalani. Wenye vitabu wana habari zao kuhusu mwanzo wa mchezo huu wa triathloni, na sisi hatubishani nao. Hii ni ile tuliyoachiwa na waliotutangulia, na huko nyuma Mungu ndiye aliyekuwepo.

Ziwani kulikuwa na kisiwa kiitwacho Lukobwe, na mbele yake, ng'ambo ya ghuba, kisiwa kidogo cha Sizu. Huko Sizu waliishi Watu wa Maji, ambao walijua kuogelea kabla hawajajua kuongea. Kwenye uwanda mrefu wa Lukobwe waliishi Watu wa Gurudumu, na kwao kijana hakuhesabiwa mtu mpaka awe na baiskeli. Na juu, kwenye mlima wa mawe ambako hakuna baiskeli iliyoweza kupanda, waliishi Watu wa Mguu. Kila baada ya mavuno walikutana kushindana, wa maji majini, wa gurudumu barabarani, wa mguu mlimani. Basi walirudi makwao na mabingwa watatu na ugomvi mmoja: nani hasa ndiye bingwa wa mabingwa?

"Ninyi mnabebwa na chuma," Watu wa Mguu waliwaambia wa gurudumu. "Mguu ni wa Mungu. Gurudumu ni la dukani."

"Na huyo wa maji," wa gurudumu walidakia, "mtoe nje uone. Anatembea kama bata aliyetoka msibani."

Bingwa wa gurudumu alikuwa Tungaraza. Alikuwa mtu wa ibada, hakukosa Jumapili, lakini baiskeli yake aliifuta vumbi mara nyingi kuliko alivyopiga magoti. Tusimcheke. Kiburi kina chumba katika kila nyumba, na mara nyingi ndicho chumba kinachofagiliwa vizuri.

Jambo moja liliwaunganisha watu wale wote, nalo ni salamu. Mtu wa kundi moja hakumpa wa kundi jingine kitu mkononi, hata chumvi, bila salamu kamili: habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, kisha kuwakumbuka marehemu wa pande zote mbili. Aliyepokea kitu bila kusalimiwa alionekana amejifanya mtumwa. Ni desturi nzuri, na waliitunza vizuri. Ila ilikuwa na mtego ndani yake. Watu wa Maji walishika kwamba mgeni ndiye husalimiwa, kwa kuwa ametoka mbali. Watu wa Gurudumu na wa Mguu walishika kwamba ajaye ndiye aanzaye, kwa kuwa ndiye abishaye hodi. Siku za kawaida walicheka wakaanza pamoja. Siku za kawaida.

Juu mlimani aliishi Bibi Nyakaru, mfinyanzi. Hapakuwa na nyumba katika visiwa vile isiyokunywa maji ya mtungi wake. Siku moja alikuwa akichimba udongo, nyoka akamuuma kiganja cha mkono wa kulia. Dawa ya sumu ile ilikuwa mzizi mmoja tu, uliota Sizu na si kwingine, na ulifaa ukiwa mbichi. Pale pale ngoma ya hatari ikapigwa mlimani. Sheria ya ngoma ile ilikuwa moja: ikishaanza hainyamazi mpaka dawa ifike.

Sizu waliisikia. Mtumbwi ulilazimika kuzunguka miamba, lakini mwogeleaji aliweza kukata katikati ya ghuba. Bwire, bingwa wa maji, aliung'oa mzizi, akaufunga kichwani kwa kitambaa, akajitosa. Alivuka kama samaki. Tungaraza alikuwa tayari ufukweni, ameshika usukani.

Bwire akatoka majini, akasimama. Tungaraza naye akasimama.

"Haya," alisema Bwire akitweta. "Mgeni wako nimefika."

"Nakuona umefika. Sijasikia hodi."

"Hodi? Mimi nimetoka ng'ambo kwa mikono yangu, wewe umekuja umekaa. Nisalimie, bwana."

"Ndugu yangu, mimi si mtwana wa kunyoosha mkono bila salamu. Hata dawa ina heshima yake."

Na ngoma inalia. Tungaraza aliisikia, tena vizuri sana. Alijiambia kwamba anatunza desturi ya wazee. Hatimaye walianza pamoja, na walipoanza ilibidi wamalize: nyumbani, watoto, mifugo, shamba, marehemu. Ndipo Tungaraza akapanda baiskeli akaukata uwanda kwa kasi ambayo haijapata kuonekana. Chini ya mlima alimkuta Mafuru, bingwa wa mguu, amekunja mikono kifuani. Sasa Tungaraza ndiye aliyetoka mbali, naye akaona mgeni ndiye wa kusalimiwa! Wakasimama. Ngoma inalia. Wakaanza nyumbani, wakaja watoto, wakaja mifugo.

Mafuru alipanda mlima kama mbuzi apandavyo mawe, na mzizi ukafika. Bibi Nyakaru alipona, Mungu ashukuriwe, lakini mkono wake wa kulia ulikauka kama tawi. Wale mabingwa watatu walikwenda kumjulia hali, kila mmoja akitumaini kusikia kwamba wa kulaumiwa ni mwingine. Bibi aliwakaribisha, akawatazama, akasema bila hasira:

"Salamu zenu zilifika salama, wanangu. Mkono wangu ndio uliobaki njiani."

Tungaraza hakulala vizuri baada ya hapo. Mitungi ikawa inavunjika nyumba kwa nyumba, na hapakuwa na wa kufinyanga mingine. Kila kipande alichokikuta njiani kilimsuta. Akaenda kwa padri akaungama: "Baba, nilikuwa na mbio nyingi kuliko wote, na nikasimama. Nilisema natunza heshima. Nilikuwa naitunza yangu."

Padri akamuuliza, "Umeshamwambia yeye?"

Kuungama kwa padri kulikuwa rahisi, pazia lilikuwepo. Kwa Bibi Nyakaru hapakuwa na pazia. Alipanda mlima kwa miguu, akihema kila kona, akapiga magoti mlangoni akasema yale yale. Bibi alikuwa amepewa kazi ya kulinda ngoma ya hatari, maana mkono wa kushoto bado ulikuwa na nguvu. Akamwambia, "Nimekusamehe tangu siku ile. Lakini ngoma hii itanilazimu kuipiga tena, mwanangu. Siku hiyo utasimama wapi?"

Swali hilo ndilo lililompeleka Tungaraza Sizu. Aliiegemeza baiskeli yake kwenye jiwe la ufukweni, juu ya karia akaacha katambuga zake, viatu vya tairi, akavuka kwa mtumbwi, akamwomba Bwire amfundishe kuogelea. Bwire alicheka mpaka akakaa chini.

"Tungaraza, unapiga maji kama mtu anayefukuza nyuki!"

"Cheka, ndugu, lakini usiniache nizame."

Alikunywa sehemu kubwa ya ziwa. Siku nyingine alipanda mlimani kujifunza kukimbia juu ya mawe, na huko pia walimcheka. Mwisho wa yote hakuwa mwogeleaji hodari, wala mkimbiaji hodari. Hata kwenye baiskeli wenzake walianza kumpita, kwa kuwa muda wake aliugawa. Ubingwa ukamtoka. Aliuona ukiondoka, ukamuuma, akaendelea.

Ikatokea asubuhi moja yuko Sizu, baiskeli na katambuga zake ziko ng'ambo kwenye jiwe lile lile, ngoma ikalia. Wakajua baadaye kwamba aliyeumwa na nyoka mguuni ni Mafuru mwenyewe, bingwa wa mguu. Bwire aling'oa mzizi, akaanza kujifunga kitambaa.

"Nipe mimi," alisema Tungaraza.

"Wewe? Nakupita mara mbili!"

"Majini unanipita. Ukifika ufukweni utampa nani?"

Bwire akakifungua kitambaa. Akamfunga kitambaa kichwani yeye mwenyewe, kwa mikono yake, bila salamu wala neno, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Tungaraza aliogelea vibaya lakini hakusimama. Alipotoka majini Watu wa Gurudumu walikuwa wamejipanga, bingwa wao mpya akingoja asalimiwe. Tungaraza aliwapita akirukia baiskeli. Alipoishika tu, kitambaa kilicholegezwa na mawimbi kikateleza, na mzizi nusura uanguke mchangani. Akaiachia baiskeli. Akakaza fundo chini ya kidevu mpaka likauma, ndipo akaigusa tena baiskeli. Katambuga akazitia kifuani, na ngoma inalia.

"Tungaraza!" waliita. "Hata habari za nyumbani?"

"Nitazileta nikirudi!"

Chini ya mlima aliitupa baiskeli, akakaa juu ya jiwe kuvaa katambuga. Mlio wa ngoma ulimwingia katika kila kamba aliyoivuta, na hapo akaelewa kwamba muda wa kuvaa viatu nao ni safari. Aliposimama, miguu ilidhani bado iko kwenye pedali. Mkimbiaji mmoja alikuwa pale, kijana mwenye mbio, mikono kifuani. Tungaraza alimtazama. Laiti angenyoosha mkono! Hakuunyoosha. Alikuwa akingoja hodi.

Tungaraza alipanda. Alipanda akiwa na ziwa masikioni, uwanda mapajani, na sala moja tu mdomoni, isiyo na maneno mengi: "Usiniache nisimame." Hakuwa mwepesi. Hata wanawake waliobeba kuni walimpita. Ila hakusimama, na ngoma haikusimama, mpaka alipomnyooshea Bibi Nyakaru mzizi. Ndipo Bibi alipoweka fimbo ya ngoma chini, akaupokea kwa kiganja cha kushoto. Kimya kikashuka kisiwani kote, na mguu wa Mafuru ukapona.

Tungaraza alilala chali mbele ya mlango ule, hoi. Kisha akainuka akachechemea kurudi kule alikotoka. Alimsalimu yule kijana wa mlimani, nyumbani, watoto, mifugo, shamba, marehemu, hakuruka hata kimoja. Akawasalimu Watu wa Gurudumu. Akaenda mpaka ufukweni kumngoja Bwire avuke, akamsalimu yeye kwanza, kabla maji hayajamkauka.

Baada ya mavuno ya mwaka ule hayakuwepo tena mashindano ya mabingwa watatu. Kila aliyetaka aliingia majini, akapanda baiskeli, akakimbia mlimani, na Bibi Nyakaru akipiga ngoma bila kupumzika. Mchezo ukavuka ziwa, ukavuka bahari, ukafika kwenye miji mikubwa ambako mataifa huvaa rangi za bendera zao na dunia nzima hutazama.

Ndiyo sababu mpaka leo mchezo huo huanzia majini na kuishia kwa miguu. Ndiyo sababu mwenye mbio haruhusiwi kugusa baiskeli yake kabla hajafunga kofia ngumu chini ya kidevu. Na saa, ambayo ni mjukuu wa ngoma ile, haimngojei mtu akivaa viatu. Njiani wanapitana bila neno, na asiyejua husema hawana adabu. Atulie, atazame mstari wa mwisho. Aliyefika kwanza hulala chini, akainuka, akageuka nyuma. Kisha husimama pale pale akiwangoja wenzake, akiwapa mkono mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo wanapoulizana habari za nyumbani.